Mjadala: Mtu akitoa wazo la bidhaa, nauli ya kikao inatosha?

Wadau, wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Mwanza. Mwaka juzi watu wa mradi fulani walikuja kwenye mwalo mmoja, pale mitumbwi inaposhusha samaki, upande wa Igombe, wakawakusanya akina mama wanaoanika dagaa na kuwauliza kichanja bora kiweje. Mimi niliitwa nichore na kukadiria chuma. Nilitegemea wataongelea bei tu. Mama mmoja akasema kichanja kiishie kiunoni, maana kikifika kifuani mkono haufiki kugeuza dagaa wa katikati. Mwingine akasema wavu usikazwe moja kwa moja kwenye fremu, ushikwe na kulabu, ili mvua ikitokea ghafla watu wawili wauvue pamoja na dagaa wakimbilie kibandani. Hilo la kulabu sikuwahi kuliwaza, na nimeshachomelea vichanja vingi.

Kwa asiyejua kazi hii: dagaa wa kuanikwa chini hushika mchanga, na wakinyeshewa kabla ya kukauka wanaharibika, wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Kulabu zile ni ada ya mtoto.

Kila mama alipewa soda na nauli. Baadaye vichanja vikaletwa mwaloni kuuzwa, vina kimo cha kiunoni, vina kulabu. Mama aliyetoa wazo alitakiwa alipe bei ileile ya kila mtu.

Mimi nasema si haki. Wazo likiingia kwenye bidhaa, mwenye wazo apate mgao wa mauzo, na makubaliano yaandikwe kabla ya kikao. Linawezekana. LEGO, kampuni ya Denmark ya vitu vya kuchezea watoto, ina utaratibu uitwao LEGO Ideas: muundo wako ukipata waungaji mkono 10,000 na kampuni ikauchagua kuutengeneza, unalipwa asilimia 1 ya mauzo halisi. Kama inawezekana kwa vitu vya kuchezea, kwa nini isiwezekane kwa chakula chetu?

Karibuni tujadili.

Mchangiaji, Nyegezi: Mkuu, uchungu wako naupata, ila sikubaliani. Wazo ni mwanzo tu. Kuna kujaribu, kupata chuma kisicholiwa na kutu, kutafuta mtaji. Vichanja vikikosa wanunuzi, mama yule atachangia hasara? Halafu angalia M-Pesa. Ilijaribiwa Kenya mwaka 2005 kwa ajili ya kurejesha mikopo midogo. Wateja wakaanza kuitumia kutumiana hela wenyewe kwa wenyewe, na ilipozinduliwa Machi 2007 ikaja kama huduma ya kutuma hela. Wazo lilitoka kwa watumiaji kabisa. Sasa pale ungemlipa nani? Ukiweka sharti la mgao, kampuni zitaacha kuwauliza watu, zitachora ofisini, na sisi ndio tutakaoumia.

Mchangiaji, Sengerema: Mimi naanika dagaa. Kaka fundi, asante kwa kutusemea, lakini hiyo asilimia itanifikiaje? Nani atahesabu vichanja vilivyouzwa? Mimi ningependa nipewe kimoja bure, na niitwe tena kabla havijatengenezwa vingi. Huku kwetu nasi tulishaulizwa, mara moja tu. Vilipoletwa, kulabu zilikuwa ndogo mno. Mikono ikiwa na utelezi wa dagaa huwezi kuzishika, na mvua haikusubiri. Tukang'oa kulabu, tukafunga kamba za katani.

Mtoa mada: Dada, hilo la kuitwa mara ya pili sikuliweka kwenye hoja yangu na lilipaswa kuwa la kwanza. Mimi ndiye niliyechora kulabu za Igombe, na sikumpa mtu hata mmoja azishike akiwa ametoka kumwaga ndoo ya dagaa.

Mkuu wa Nyegezi, kwenye M-Pesa umenishika. Watu walikuwa wengi na hakuna aliyeitwa kutoa wazo, walitumia tu walivyoona inafaa. Lakini Igombe watu waliitwa kwa majina, wakasaini karatasi ya mahudhurio, na kila neno liliandikwa. Nani alisema nini inajulikana. Na kusema kampuni zitaacha kuuliza, mbona zinakuja? Zinakuja kwa sababu ofisini hakuna anayejua dagaa wa katikati hugeuzwaje. Maarifa hayo yana thamani, na chenye thamani hununuliwa. Kama kuhesabu asilimia ni kugumu, basi ilipwe mara moja, hela inayoeleweka, au kichanja kama dada anavyotaka. Nauli sikubali.

Wiki ijayo nina oda ya vichanja vinne. Nitachomelea kimoja, nikipeleke mwaloni asubuhi dagaa wakishushwa, na chuma cha vile vitatu sitakikata mpaka akina mama wamekigeuzia dagaa siku nzima. Mwenye hoja nyingine juu ya malipo ailete.