Tunafundishwa mtindo wa klasi za PHP uliokwishaondolewa, halafu tunakatwa alama kwa kuandika sahihi

Wakuu, habari za jioni. Niko Kampala, nasoma diploma ya teknolojia ya habari kwenye chuo ambacho jina nalihifadhi. Uzi ni mrefu, nivumilieni, nimeudhika kwelikweli na sina mpango wa kufunika kombe.

Tumerudishiwa karatasi za mtihani wa programu za wavuti. Tunatumia PHP, lugha ya kuandikia tovuti. Swali moja lilitaka tuandike klasi (kiolezo cha kuundia vitu, chenye data na kazi zake) yenye konstrakta, yaani sehemu inayojiendesha kila kitu kipya kinapoundwa. Nikaandika __construct, kama PHP yenyewe inavyotaka. Nimekatwa alama zote za kipengele hicho, na pembeni kwa wino mwekundu pameandikwa: "Konstrakta hubeba jina la klasi." Nilimfuata mhadhiri ofisini na laptop mkononi nimwonyeshe, hakutaka hata niifungue. Akasema mtihani unasahihishwa kwa kufuata hendauti, zile karatasi za maelezo ya somo, basi.

Hendauti yenyewe ndiyo ile tunayonunua kwenye vibanda vya fotokopi Wandegeya, nakala ya nakala, hadi alama ya dola huwezi kuitofautisha na S. Ndani yake kuna hii:

class Mwanafunzi {
    var $jina;
    function Mwanafunzi($jina) {
        $this->jina = $jina;
    }
}
$m = new Mwanafunzi("Okello");
echo $m->jina;

Kwa wasioijua PHP: zamani, fankisheni (kipande cha programu chenye jina) iliyobeba jina la klasi ilikuwa inajiendesha yenyewe kila unapounda kitu kipya. Huo ni mtindo wa PHP 4, iliyotoka mwaka 2000. PHP 5 ilipokuja Julai 2004 ikaleta __construct, na ule wa zamani ukaachwa uendelee ili watu wabadilishe programu zao taratibu. PHP 7.0 mwaka 2015 ikaanza kutoa onyo. PHP 8.0, Novemba 2020, ikauondoa. Watu walipewa miaka 16 ya kuhama! Sisi bado tunakaririshwa.

Na PHP 8 hata haikuambii kwamba umekosea. Fankisheni ile inageuka ya kawaida, inangoja kuitwa, na hakuna anayeiita. Okello unamkabidhi, PHP inampuuza, $jina inabaki tupu, ukurasa unatoka mweupe pe. Hakuna ujumbe wa kosa wala namba ya mstari wa kuangalia. Dada mmoja tunayesoma naye, kwao Arua, aliuandika mfano huo kwenye laptop yake yenye XAMPP mpya (programu ya kuendeshea PHP kwenye kompyuta yako) akakaa maabara na ukurasa mweupe mpaka askari akaja kufunga mlango. Alikagua kila nuktamkato na kila mabano, na kila kitu kilikuwa sawasawa na hendauti. Akatoka pale anasema labda programu hazimfai, afadhali ahamie masomo ya biashara. Mtu ana akili, ana bidii, wazazi wamelipa ada kwa kuuza mazao, halafu anajiona mjinga kwa sababu ya karatasi ya mwaka 2000! Hapo ndipo hasira zangu zilipoanzia, alama zangu zilikuja baadaye.

Tukilalamika kwamba mifano haifanyi kazi, jibu ni flashi. Inapitishwa darasani flashi yenye XAMPP ya zamani, ndani yake PHP 5.6, "hiyo ndiyo inakubali." Inakubali, ndiyo, na mysql_connect, fankisheni ya zamani ya kuunganisha tovuti na databesi, nayo inakubali humo, ingawa fankisheni zote za mysql_ ziliondolewa tangu PHP 7.0. Lakini PHP 5.6 iliacha kupewa marekebisho ya usalama mwisho wa 2018. Na humo humo tunafundishwa kuchukua alichoandika mtu kwenye fomu, yaani $_POST, na kukibandika moja kwa moja ndani ya sentensi ya SQL, lugha ya kuiamuru databesi. Mtu yeyote mwenye nia mbaya akiandika SQL yake kwenye kisanduku cha jina, databesi inaitekeleza. PDO, njia ya kuzungumza na databesi inayokuwezesha kutenganisha swali na data, ipo ndani ya PHP tangu toleo la 5.1 la mwaka 2005. Hendauti haiitaji hata mara moja. Mwakani sisi ndio tutakuwa tunatengeneza mifumo ya zahanati na shule huko wilayani, nchi ambayo ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu 2019. Data za wagonjwa tutazilinda kwa maarifa gani?

Sasa klasi zenyewe. Tunakaririshwa: enkapsulesheni ni kuficha data ndani ya klasi ili isiguswe ovyo kutoka nje. Sawa kabisa, na ukiandika hivyo unapewa alama. Geuza ukurasa uone mifano: kila propati (data ya ndani ya klasi) imetangazwa kwa var. Jamani, var kwenye PHP maana yake ni public, yaani wazi kwa wote! Kila kitu kiko wazi, ukurasa wowote unaingia na kubadilisha. Maelezo yanasema funga, mfano unaacha wazi, na hakuna anayeshtuka kwa kuwa hakuna anayeuendesha. Mtihani ni wa kalamu na karatasi. Urithi, yaani klasi moja kuchukua sifa za nyingine, nao unafundishwa kwa Mnyama, Mbwa na Paka, mbwa anabweka, paka analia, kipindi kimekwisha. Nimemaliza muhula sijaambiwa mbwa huyo anahusiana nini na tovuti.

Mbona mifano imetuzunguka? Chukua SACCO ya mtaani. Kuna ukurasa wa kuweka akiba, wa kutoa, wa mikopo, wa makato ya mwezi. Bila klasi, kila ukurasa unapunguza salio kwa namna yake. Kamati ikiamua salio la chini lipande kutoka shilingi 20,000 hadi 50,000, unarekebisha kurasa tatu, wa nne unaupita, na mwanachama anatoa hela ambazo hakutakiwa kutoa. Ndipo mtu anapoielewa klasi:

class Akaunti {
    private int $salio;
    public function __construct(int $salio) {
        $this->salio = $salio;
    }
    public function toa(int $kiasi): void {
        if ($kiasi <= 0 || $this->salio - $kiasi < 50000) {
            throw new Exception("Kiasi hakikubaliki");
        }
        $this->salio -= $kiasi;
    }
}

Sharti limekaa mahali pamoja. Kurasa zote zinaita toa(). Mtu akijaribu kuandika $akaunti->salio = 900000 kutoka nje, PHP inagoma papo hapo kwa sababu ya ile private, inayofunga data ndani ya klasi. Nilimwandikia yule dada hii kwenye daftari, tukaiendesha pamoja, tukajaribu kuiibia SACCO yetu, ikatukatalia. Alicheka kwa furaha, akaanza mwenyewe kuongeza weka() na kuuliza mkopo ukae kwenye klasi yake au la. Swali zuri kuliko yote niliyowahi kusikia kwenye kipindi chetu. Hajahama kozi.

Najua kuna watakaosema tujisomee YouTube. Tunajisomea! Lakini bando tunanunua wenyewe, na tangu Julai 2021 lina ushuru wa asilimia 12 juu yake. Tena ukijisomea ukaelewa, unaandika kilicho sahihi na unakatwa alama. Niambieni mwanafunzi afanye nini hapo, ajifunze vitu viwili, kimoja cha kazi na kingine cha mtihani?

Sisemi wahadhiri wote wako hivyo. Yupo mmoja wa somo la databesi anayetuletea laptop yake na kukosea mbele yetu na kurekebisha, na darasa lake halikosi watu. Kwa hiyo vifaa na umeme visiwe kisingizio.

Nimeandika barua ya kuomba karatasi isahihishwe upya, na nimeambatisha ukurasa wa mwongozo rasmi wa PHP unaoeleza kuondolewa kwa konstrakta za zamani. Wenzangu kadhaa wametia saini, wengine wanaogopa kuandamwa. Ninachowaomba mlio Uganda, hasa mliowahi kupita njia hii: barua ikikaliwa na idara, hatua inayofuata ni kwa msajili wa taaluma au kwa mkuu wa wanafunzi? Na kuna chuo chochote kilichowahi kubadilisha mwongozo wa kusahihisha baada ya wanafunzi kupeleka ushahidi wa namna hii? Naomba majibu kabla matokeo hayajapitishwa.