Naombeni ushauri: mwanangu amekosa protini ya misuli iitwayo distrofini

Asalaam aleikum jamaa zangu. Mwanangu wa kiume ana miaka 7, tunakaa Kisauni. Akitaka kuinuka mkekani hugeuka kifudifudi, hujisukuma kwa mikono, kisha hupanda mapaja yake kiganja baada ya kiganja mpaka asimame. Vigimbi vimemjaa, lakini ngazi zinamshinda. Vipimo vya damu na vya jeni vimeonyesha ni maradhi ya Duchenne.

Nilivyoelezwa, aktini na miosini, zile protini zinazovutana ili msuli ujikunje, anazo. Anachokosa ni distrofini, inayoshikamanisha nyuzi za aktini ndani ya seli na utando wa nje. Bila hiyo, msuli ukifanya kazi utando huchanika kidogo kidogo, na mafuta na makovu huchukua nafasi ya nyama. Kumbe vile vigimbi si nguvu.

Sasa ndugu wanasema nimpe mayai, supu ya pweza na poda ya protini ya watu wa jimu, na ami yake anataka akamkimbize ufukweni Nyali. Nia yao njema. Ila distrofini hujengwa na mwili wenyewe kwa maagizo ya jeni. Chakula hakiwezi kuirudisha.

Mliolea mtoto kama huyu, mazoezi gani hayamuumizi? Kuogelea je? Steroidi alizoanzishiwa zinamtia njaa sana, uzito mliudhibiti vipi? Na darasa lake liko ghorofani: nimwombe nini mwalimu mkuu? Dadake naye apimwe?