Mrejesho: helisi (panga linalosukuma maji) ya moteri ya nguvu za farasi 15, mtumbwi wa kuvua sambaza (samaki wadogo), Goma

Wandugu, aksanti sana. Niliuliza kwa nini moteri yangu inalemewa tukirudi bandari ya Kituku alfajiri na watu sita na sambaza: mizunguko 4,200 kwa dakika, wakati kitabu chake kinataka 4,500 hadi 5,500.

Nilimfuata kaka aliyesema Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, nguvu inapungua, basi nipunguze pichi (umbali ambao helisi ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja). Nikatoa helisi ya pichi ya inchi 11, nikafunga ya 9. Kwa mzigo uleule inafika 4,600 na haihangaiki tena. Nimefurahi kweli! Ila mtumbwi ukiwa mtupu mwendo umepungua, na inabidi nipunguze gesi isizunguke kupita kiasi.

Lililoniuma ni hili: nyuma ya helisi ya zamani nilikuta uzi wa wavu umejisokota kwenye shafti hadi umekata sili (mpira unaozuia maji kuingia kwenye gia). Mafuta ya gia yalitoka meupe kama maziwa, yaani maji yameingia. Sili mpya sijaipata, kwa hiyo siendi mbali na ukingo. Mama uliyeniambia nikague pale, Mungu akubariki.