Ekipe mpya Katuba: tuchukue kocha muzee ao kocha wa leseni?

Kijana_wa_Katuba
Jambo bandugu. Tumeanzisha ekipe ya mpira hapa kwetu Katuba, Lubumbashi, na Jumapili kamati inakaa kuchagua kocha. Wamebaki wawili. Mmoja ni muzee aliyecheza zamani, mtaa mzima unamheshimu, karatasi hana hata moja. Mwingine ni kijana wa Kampemba, ana leseni C ya CAF, mazoezi anayapanga kwenye kompyuta. Ninyi mngechukua nani?

Ruashi_Fito
Wachezaji wana miaka mingapi? Mtaingia Entente, ile ligi ya mji, ao ni mechi za mtaa tu? Uwanja uko wapi? Franga za kumlipa ziko? Namna hii nani atakujibu?

Kijana_wa_Katuba
Samahani yaya. Ni miaka 17 mpaka 23 hivi. Tunataka Entente msimu ujao. Uwanja ni wa shule, siku za masomo hatuupati kabla ya saa kumi.

Corbeau_1967
Muzee, bila kuzunguka. Angalia Mazembe, ekipe yetu kubwa ya hapa Lubumbashi: Kombe la Shirikisho la 2017 lilikuja na Pamphile Mihayo, mtu aliyevaa jezi ya hapo hapo kabla ya kukaa benchi. Kocha akiwa mtu wa nyumbani, wachezaji wanamuogopa hata akinyamaza.

Cheminot_wa_Damu
Nilijua tu, hata habari ya Katuba lazima Mazembe iingie. Sasa Ligi ya Mabingwa ya 2015 mliichukua na nani? Carteron, Mfaransa. Na ile fainali ya Abu Dhabi 2010 na Inter, benchi alikaa Lamine N'Diaye, Msenegali. Hao nao walizaliwa Kamalondo, mtaa wa Mazembe?

Corbeau_1967
Siku Lupopo, ekipe yako, italeta kombe moja la Afrika, tutakaa chini tukusikilize.

Ruashi_Fito
Kijana, swali la franga umeliruka.

Maman_Bijou_Kenya
Niacheni niseme yaliyotupata sisi. Nilikuwa nashika sanduku la ekipe moja ndogo hapa mtaa wa Kenya, Lubumbashi. Tukachukua kocha wa diploma, mtu wa maneno mazuri, kila zoezi limechorwa kwenye daftari na kalamu za rangi. Akasema leseni za wachezaji, zile karata za kuchezea, akae nazo yeye, kwa katibu zitapotea. Tukakubali. Mwezi wa tatu michango ikakwama, tukamlipa nusu. Hakugomba, hakusema kitu. Siku ya mechi watoto wamevaa tayari, soksi zimefika magotini, wanangoja chini ya muembe. Mwamuzi anaomba leseni. Hakuna. Tunapiga simu ya kocha: inaita, inaita, halafu imezimwa. Katibu anamuomba mwamuzi avumilie, kapiteni wa wale wengine anacheka waziwazi. Mwamuzi akangoja dakika zake, akatazama saa, akapiga filimbi. Forfe, 3-0. Kesho yake kocha akatuma mutoto na maneno: leteni franga, mchukue leseni zenu. Tukalipa, tungefanya nini? Na wachezaji wetu wawili wazuri walikuwa wamekwisha kumfuata kwenye ekipe nyingine.
Sisemi wa diploma wote wako vile. Nasema leseni zikae kwa katibu na mapatano yaandikwe, hata kama ni muzee. Sana sana kama ni muzee, maana yule hamtakuwa na uso wa kumdai.

Cheminot_wa_Damu
Pole maman. Lakini hapo shida ilikuwa franga, haikuwa diploma.

Maman_Bijou_Kenya
Na mimi nimesema nini? Soma mpaka mwisho, papa.

Mwana_Kampemba
Leseni C si kitu cha kuogopa wala cha kuabudu, juu yake kuna B na A. Mimi ningewapa kila mmoja jioni moja na wachezaji. Mipira miwili, wachezaji kumi na tatu, uwanja nusu kwa sababu nusu nyingine wako watoto wa shule. Angalieni nani anapanga kazi na nani anapiga kelele. Kompyuta haina msaada kwenye vumbi la Septemba.

Kijana_wa_Katuba
Hilo nimelipenda. Ndoto yetu siku moja tucheze kwenye sintetiki, nyasi za bandia, kama uwanja wa Mazembe kule Kamalondo.

Corbeau_1967
Tangu 2011 ule uwanja unapendeza. USM Alger walikuja pale kwenye fainali ya 2015, wakarudi na mbili bila.

Cheminot_wa_Damu
Ni plastiki. Jua la Oktoba likiipiga, miguu inaungua ndani ya viatu. Na zile tano mlizowafunga Espérance kwenye fainali ya 2010 mlizifunga wapi? Uwanja wa Kibassa Maliba, nyumbani kwetu Cheminots wa Lupopo. Heartland 2009, pia Kibassa Maliba. Makombe yenu mazito mliyashonea kwenye cherehani yetu.

Corbeau_1967
Kibassa Maliba si ya Lupopo, ni ya serikali! Mnaikodi tu kama wengine.

Maman_Bijou_Kenya
Wanaume, Mazembe ya wanawake ilichukua Ligi ya Mabingwa 2024 kule Moroko, kocha alikuwa mwanamke, Lamia Boumehdi. Hapa hakuna hata mmoja aliyeuliza kama Katuba iko dada wa kufundisha. Mimi namjua mmoja, alicheza, sasa anafundisha watoto Jumamosi.

Kijana_wa_Katuba
Maman, vijana wetu hawatakubali.

Maman_Bijou_Kenya
Umewauliza?

Ruashi_Fito
FRANGA, Kijana.

Kijana_wa_Katuba
Sawa, sawa. Kijana wa leseni anataka mshahara kila mwezi, na transporti kutoka Kampemba. Muzee anasema mtampa mtakachopata. Lakini kuna jambo jingine: muzee ni mjomba wa prezida wetu.

Ruashi_Fito
Aah! Kumbe mmekwisha kuchagua, unatuchosha vidole tu.

Kijana_wa_Katuba
Hapana, kamati tuko saba, watatu hawamtaki. Kura yangu ndiyo inatafutwa.

Corbeau_1967
Mpe muzee, kijana awe msaidizi.

Cheminot_wa_Damu
Msaidizi mwenye leseni chini ya mkubwa asiye nayo? Mechi ya kwanza wakifungwa watagombana mbele ya watu.

Mwana_Kampemba
Na huo uwanja wa shule, mmeandikiana na prefe, mkubwa wa shule, ao ni maneno ya mdomo tu?