Alamu ya gari: sensa ya mtikisiko, ya ndani au ya mwinamo, ipi inamnasa mwizi mapema?

Dereva_wa_Usiku:
Wakuu habari zenu. Nimevunjiwa kioo kidogo cha nyuma usiku, jamaa kaingiza mkono kavuta begi na alamu haikulia hata kidogo, yani asubuhi nakuta vipande vya kioo kwenye siti na kile kitaa chekundu cha dashibodi bado kinawaka na kuzima kama vile hakuna kilichotokea. Nimeumia sana. Nataka kuongeza sensa ila nachanganyikiwa zipo aina nyingi, mwenye uzoefu anieleweshe zinavyofanya kazi na nianze na ipi.

FundiWaya:
Pole sana mkuu. Swichi za milango hazikukusaidia maana mlango haukufunguliwa. Ile swichi ya kubonyea kwenye fremu ndo inayowasha taa ya ndani pia, mlango ukifunguka inaunganisha waya wake na bodi ya gari, alamu inajua. Asipofungua, haijui kitu. Boneti na buti zina za kwao, na ya boneti watu wanaidharau mpaka inashika kutu wakati mwizi mjuzi anaanzia hapo hapo, akate betri.

Mimi ningeanza na ya mtikisiko. Ndani yake mara nyingi kuna kipande cha kristali, kikitikiswa kinazalisha umeme kidogo, kishindo kikiwa kikubwa na umeme unapanda. Nyingi zina hatua mbili, ukigonga kidogo inatoa mlio mfupi wa kuonya, ukipiga kwa nguvu king'ora kinafunguka chote. Kuna skrubu ndogo ya kuongeza na kupunguza ukali wake.

Bi_Usukani:
Fundi kwa hilo sikubaliani na wewe. Lori likipita inalia, radi ikipiga inalia, paka akirukia boneti inalia, mwisho majirani wanazoea na siku mwizi kaja kweli hakuna anayechungulia dirishani. Yangu nilipunguza, nikapunguza, ikafika mahali hata ukipiga teke mlango iko kimya!

Dereva kwa kisa chako mimi nakwambia sensa ya ndani ile ya mawimbi ya sauti. Inatoa sauti ya karibu kilohezi 40, sikio la binadamu linaishia kama 20 kwa hiyo husikii chochote, ile sauti inajaa ndani ya gari, inagonga viti na vioo na kurudi kwenye kipokezi. Gari ikiwa tupu inarudi vile vile kila mara. Mkono ukipita tu, mawimbi yanarudi yamebadilika, king'ora hicho. Ule mkono uliochukua begi lako ungenaswa.

Mzee_wa_Gereji:
Bi Usukani kasema kweli ila vioo vyote lazima vifungwe mpaka mwisho. Ukiacha upenyo upepo unaingia na yenyewe inahesabu ni mtu. Na hayo mapambo mnayoning'iniza kwenye kioo cha katikati, yakicheza ni kelele usiku kucha. Kama gari ni ya turubai juu, tafuta ya rada, hiyo haisumbuliwi na upepo, lakini mawimbi yake yanapita kwenye kioo na turubai, kwa hiyo ukiiset kali inamhisi hata anayepita zake nje.

Ila wanangu mbona hakuna aliyetaja ya mwinamo? Ukifunga gari inashika kumbukumbu ya jinsi ilivyolala, hata ukipaki kwenye mteremko haina shida, sasa mtu akiweka jeki atoe rimu au akiinyanyua kuivuta, pembe inabadilika inapiga. Kwa anayeogopea matairi hiyo ndo yake, sensa ya ndani haina habari na jeki. Ukipanda kivuko tu ndo uizime, maana maji yanayumbisha.

FundiWaya:
Sawa nimekubali kwa ya ndani. Ila naomba asifungiwe zile za zamani za kusikiliza umeme wa betri ukishuka pale taa ya ndani inapowaka. Umezima gari, feni ya rejeta inajiwasha yenyewe kupoza injini, umeme unashuka, alamu inapiga bila sababu. Na king'ora kiwe na betri yake ndani, waya zikikatwa kiendelee kulia.

KiooCheusi:
Nyongeza. Kama gari yako ni ya kuwasha kwa kitufe, kuna wezi wawili wanakuja na vifaa, mmoja anasogea karibu na ufunguo ulipo ndani ya nyumba na mwenzake yuko kwenye gari, mawimbi ya ufunguo yanarefushwa, gari inaamini mwenyewe kafika na inazima alamu yenyewe. Hapo sensa zote zimelala. Ufunguo uweke kwenye kikopo cha chuma chenye mfuniko, ujaribu kwanza ukiwa karibu na gari uone kama mlango unakataa.

Dereva_wa_Usiku:
Asanteni sana wakuu. Jana nimefungua plastiki ya chini ya usukani nikakutana na kitu, sensa ya mtikisiko kumbe nilikuwa nayo muda wote! Kiboksi kidogo cheusi kinaning'inia kwenye waya zake, hakijafungwa popote, kwa hiyo kishindo cha kioo kilikuwa hakikifikii vizuri.

FundiWaya:
Aisee. Hicho kikazwe kwenye chuma cha bodi kwa skrubu, usitumie gundi ya sponji, inameza mtikisiko. Na ukifunga ya ndani ijaribu hivi, shusha kioo nusu, funga gari kwa rimoti, subiri dakika moja ijiset, halafu ingiza mkono taratibu kuelekea siti ya nyuma.

Dereva_wa_Usiku:
Nimemaliza leo. Kiboksi nimekikaza kwenye chuma, ya ndani imefungwa juu kwenye nguzo mbili za mbele karibu na kioo. Nimeingiza mkono, haujafika hata kwenye kiwiko king'ora kikapasuka, mtoto ametoka ndani mbio.