Naomba ushauri: jumla za maziwa zinakataa kukubaliana na pointi

Wadau habari zenu. Niko hapa Njoro, naandika kaprogramu ka Python ka kujumlisha maziwa ya wakulima, lita zinaingia na pointi, 7.3, 12.65 hivi, halafu mwisho wa mwezi tunatoa deni tunalipa. Shida ni ukijumlisha 0.1 na 0.2 inaleta 0.30000000000000004, na ukiilinganisha na 0.3 inasema si sawa! Nimesoma nikaelewa, kompyuta inahesabu kwa 0 na 1 pekee kwa hivyo 0.1 haikai kamili, ni kama theluthi moja, ukiandika 0.333 haiishi.

Sasa naona njia mbili. Ama Decimal, ile aina ya namba ya Python inayoshika pointi kamili vile umeandika, na ni lazima namba uiweke kama maandishi, Decimal('0.1'), juu bila hizo alama kosa linaingia nayo, ama niweke kila kitu kwa mililita na senti, namba nzima tu, pointi irudi wakati wa kuprinti risiti. Mkulima ameamka saa kumi usiku kukamua, akipunjwa hata shilingi ni vibaya sana.

Wenye mmefanya hii kazi, gani haisumbui kwa databesi? Na kukadiria, yaani kupunguza pointi za ziada hadi senti kamili, mnafanya kila siku ama mwisho wa mwezi pekee?