Chumba cha kulala cha Kijapani chenye maua ya sakura ukutani: nianzie wapi?

Nesi wa Zamu, Kasarani

Habarini wapendwa. Mimi hufanya kazi zamu ya usiku, kwa hiyo usingizi wangu ni wa mchana, saa ambazo makanga wanaita abiria chini ya dirisha langu. Chumba cha kulala ndipo mahali pangu pa kutuliza akili, na sasa nataka kukipanga vizuri. Mtindo wa Kijapani umenikaa moyoni: kitanda cha chini, mbao zisizopakwa rangi, vitu vichache, na ukuta mmoja wenye sakura, yaani cheri ya Kijapani, iliyochanua.

Chumba ni mita 3 kwa 3 na kidogo, ghorofa ya tatu, nyumba ya kupanga. Sakafu ni ya vigae. Ukuta ninaoutaka ni wa kichwani, na nyuma yake kuna bafu.

Duka moja mjini lilinionyesha karatasi ya ukutani iliyochapishwa maua hayo, lakini yamejaa kuanzia dari hadi sakafu, tena ya waridi kali. Niliitazama kidogo tu macho yakachoka, sasa nitalalaje chini yake? Fundi niliyezungumza naye anataka kuchora kwa mkono. Mwenye nyumba naye amesema siku ya kuhama ukuta uwe mweupe kama nilivyoukuta, la sivyo depositi nisiiulizie. Nifuate lipi? Na zile shoji, milango ya karatasi, zitanifaa?

Fundi Rangi, Embakasi

Dada, pole na kazi. Kabla ya maua tuzungumze kuhusu huo ukuta wa bafu. Pitisha kiganja kwa chini, karibu na sakafu. Rangi ikiwa imefanya malengelenge, au unga mweupe ukibaki mkononi, usibandike wala usichore kitu. Huo unga ni chumvi iliyotoka kwenye simiti na mawe. Maji yanaibeba hadi juu, yanakauka, yenyewe inabaki inasukuma rangi. Karatasi ya vinili hapo ndiyo mbaya kabisa. Haipumui, maji yanakwama nyuma yake, na ukungu unaota bila wewe kuuona mpaka usikie harufu.

Kama huoni dalili, pima. Kata kipande cha nailoni nzito ukubwa wa gazeti lililokunjwa, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasibaki mwanya, kiache mpaka kesho yake. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta, umwite fundi bomba kwanza. Yakiwa upande wako, ni mvuke wa chumbani tu, na kwa baridi ya Julai hilo naliona nyumba nyingi. Fungua dirisha.

Mama Bustani

Mdogo wangu, umechagua mti mzuri, basi uchorwe kwa haki yake. Ncha ya kila petali ya sakura ina pengo dogo. Maua hayakai moja moja kwenye tawi. Kadhaa hutoka pamoja kwenye chipukizi moja, kila ua na kikonyo chake kirefu, yakaning'inia. Fundi akikuchorea petali za mviringo zilizogandamana na tawi, amekuchorea plamu ya Kijapani. Gome nalo lina mistari mifupi iliyolala, haisimami. Aina iliyoenea zaidi Japani, Somei Yoshino, ukiishika ua moja mkononi ni karibu nyeupe. Uwaridi unauona ukitazama mti mzima. Na huchanua kabla ya majani, kwa hiyo majani ya kijani ayaache kwenye kopo.

Sasa kuhusu ukuta: uache kama ulivyo! Picha kubwa za miti za Wajapani wa zamani nyingi zilichorwa juu ya milango ya kusukuma na viwambo vya kukunja. Ninayoipenda kuliko zote iko Kyoto, hekalu la Chishaku-in, kazi ya mchoraji Hasegawa Kyuzo ya mwaka 1592 hivi. Ilichorwa kwa ajili ya hekalu alilolijenga Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani wakati huo, kumkumbuka mwanawe aliyefariki akiwa mdogo sana. Maua yake yameumuka, kwa sababu Kyuzo alipaka nyeupe ya unga wa kombe tabaka juu ya tabaka, na nyuma yake kote ni dhahabu. Mwaka uliofuata akafariki, ana miaka 26. Jengo lile halipo tena. Picha ipo.

Wewe pia chora juu ya kitu kinachohamishika. Plaiwudi ya futi 8 kwa 4, vipande viwili, seremala wa Gikomba avipunguze urefu na kuviunga kwa bawaba, visimame kichwani mwa kitanda na nafasi ya hewa nyuma. Tawi moja liingie kutoka pembe ya juu, na sehemu kubwa ibaki tupu. Huo utupu ndio utakaokulaza.

Shoji hupitisha mwanga, na wewe unalala mchana. Tia pazia zito. Tatami nayo, ile mikeka minene ya sakafuni ya Kijapani, haipatani na unyevu. Mkeka wa ukindu kutoka Pwani utakufaa, maana unaukunja na kuuanika.

Nesi wa Zamu, Kasarani

Asante sana, Mama, na wewe Fundi. Nailoni nimeitoa leo, matone yalikuwa upande wa ukuta. Nimemwambia mwenye nyumba, amekubali kuleta fundi bomba, na hiyo karatasi sitainunua. Nachukua kiwambo. Ila rafiki yangu ananiambia plaiwudi hujipinda. Ni kweli?

Fundi Rangi, Embakasi

Hujipinda ukiipaka upande mmoja. Piga undakoti mbele, nyuma na kingo zote, hasa kingo, maana ndipo inapokunywa maji. Ikikauka piga msasa laini, kisha rangi ya msingi ya maji isiyong'aa, ya krimu. Inayong'aa itakurudishia taa machoni. Na usiisimamishe kichwani mpaka bomba litengenezwe na ukuta ukauke. Rudia kile kipimo cha nailoni.